Kuifufua Stovu ya Pampu

Ukiikuta stovu ya pampu ya zamani, iwe stoo kwa bibi au kwenye lundo la muuza vyuma chakavu, kitu cha kwanza utakachotamani ni kuisugua. Shaba imefubaa, kutu ya kijani imeshika kwenye maungio, na unajua kabisa kwamba ukipata nusu saa itang'aa kama sinia la harusi. Jizuie. Stovu hii inaishi kwa vitu viwili, pumzi na tundu. Pumzi ikikaa ndani ya tangi bila kuvuja, na tundu la kichwani likawa wazi na likabaki na ukubwa wake, itawaka hata kama nje ni nyeusi kama chungu. Kimoja kikikosekana, utaisugua mpaka ujione ndevu na chai bado hujanywa.

Ninayoizungumzia ni ile ndogo ya safari, ya mafuta ya taa: tangi la shaba, pampu ubavuni, miguu mitatu ya kuchomoa na kichwa kinachovuma. Vyote vikifunguliwa vinaingia ndani ya kopo la bati unalotia kwenye mkoba. Yangu ni Optimus 00 ya Sweden, yenye tangi la painti moja, yaani nusu lita na ushei. Niliinunua Moshi kwa mzee aliyepandisha mizigo Kilimanjaro kabla ya gesi kushika njia za mlimani. "Mwanangu," aliniambia akinipokeza kopo, "hii haijafa, imelala tu." Nilipoifungua nikakuta imelala kwa sababu nne, nazo ndizo utakazozikuta kwenye karibu kila stovu ya aina hii: ngozi ya pampu imekauka, vali ya chini imechoka, wosha zimekuwa ngumu kama kokwa, na kichwa kimejaa ukoko wa masizi.

Mama yao zote ni Primus, aliyoibuni Frans Wilhelm Lindqvist huko Stockholm mwaka 1892. Majiko ya mafuta ya wakati ule yalikuwa ya utambi na yalitoa moshi. Yeye akaondoa utambi, akayafanya mafuta yawe mvuke kwanza ndipo yaungue. Roald Amundsen alikuwa nazo alipokwenda Ncha ya Kusini mwaka 1911, na mwaka 1953 Edmund Hillary na Tenzing Norgay waliyeyusha barafu ya Everest kwa Primus ili wapate maji ya kunywa. Za Optimus, Radius na zile zilizotengenezwa India zimefuata umbo hilohilo, kwa hiyo ukiielewa moja umezielewa zote. Huku kwetu zimeondolewa jikoni na gesi, na kodi nayo ikatia mkono: Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2018 ziliongeza makato kwenye mafuta ya taa ili kuwabana wanaochakachua dizeli. Nyingi zikaishia stoo. Leo unaweza kuipata kwa bei ya kilo ya shaba, ukimwahi mwenye kuiyeyusha.

Kabla hujashika spana, elewa inavyofanya kazi. Mafuta yako chini ndani ya tangi, hewa unayopampu inakaa juu yake na kuyakandamiza. Mafuta hayana pa kwenda ila kupanda shingo mpaka kwenye kichwa, ambacho kina vijibomba vilivyojikunja juu ya moto. Humo yanageuka mvuke, yanashuka tena na kutoka kwa kasi kwenye nozo, tundu lenye upana wa kama milimita 0.32. Mvuke unachota hewa njiani, unagonga kisahani kilicho juu yake, unaungua kwa rangi ya buluu na kile kishindo ambacho waliokulia nacho hawakisahau. Yote haya yanadai kichwa kiwe kimoto tayari. Kikiwa baridi, kinachotoka ni mafuta mabichi, na mafuta mabichi yakishika moto yanaruka hadi usawa wa nyusi.

Basi anza kwa kuikagua, ikiwezekana kabla hujalipa. Ipindue uangalie kitako cha tangi. Kinatakiwa kiwe kimebonyea kuingia ndani. Kikiwa kimevimba kutoka nje kama kopo la nyanya lililooza, stovu hiyo iliwahi kupata joto au pumzi kupita kiasi. Iache, au inunue uiweke juu ya kabati. Bonyeo za kawaida ubavuni hazina neno. Ufa kwenye shaba una neno kubwa, hasa ukianzia kwenye shingo. Angalia kama kuna alama za kulehemu zisizo za kiwandani. Halafu fungua mfuniko unuse. Harufu ya mafuta ya taa ya miaka mingi ni nzito na ya uvundo kidogo. Harufu ya petroli ikubadilishe sura, kwa sababu aliyeitumia stovu hiyo kabla yako alikuwa akicheza na roho yake, nawe hujui alikiharibu nini.

Kuifungua kunataka subira kuliko nguvu. Kichwa kimeshikana na shingo kwa nyuzi za shaba zilizopikwa kwenye moto maelfu ya mara. Ukikamata kichwa kwa spana na kukizungusha huku umeshika tangi kwa mkono, kitakachozunguka ni shingo, na shingo imelehemiwa kwenye tangi. Nimeona stovu nzuri ikifa hivyo ndani ya dakika moja. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye ungio, ulale nayo usiku mzima. Kesho yake tumia spana mbili, moja ishike kichwa na nyingine ishike pembe za shingo chini yake, moja ikivuta na nyingine ikizuia. Ikigoma, tia tena mafuta usubiri. Ikigoma siku ya tatu, osha tangi vizuri mpaka pasibaki harufu, mfuniko ukiwa wazi lichemshe lote kwenye sufuria la maji kwa robo saa, kisha jaribu lingali na joto. Yangu ilikubali kwa mlio mmoja mkavu, mfano wa kidole kinapoalishwa.

Sasa pampu. Fungua kofia yake uvute mtaimbo mdogo utoke. Mwishoni utakuta kikombe cha ngozi, mdomo wake ukielekea ndani ya tangi. Hicho ndicho kinachosukuma hewa: ukisukuma, kingo zake zinatanuka na kubana ukuta wa bomba, ukivuta, zinalegea na hewa kupita pembeni. Ngozi ikikauka, kingo hazitanuki, nawe utapampu hata mara mia ukisikia upepo mtupu. Mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Iloweke kwenye mafuta ya nyonyo mpaka asubuhi, kisha itanue kingo taratibu kwa kidole gumba ukizunguka kama anayefinyanga ukingo wa bakuli. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanaanza vizuri, baada ya miezi yanageuka gundi.

Ikiwa imechanika, tengeneza nyingine; fundi viatu ana kila kitu unachohitaji. Mwombe kipande cha ngozi halisi ya unene wa kati ya milimita moja na nusu na mbili, isiyopakwa rangi ya kung'aa. Kata duara ambalo kipenyo chake kinazidi kile cha bomba la pampu kwa kama sentimita moja, toboa katikati, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu hadi ilainike kabisa. Kisha tafuta kitu cha mviringo chembamba kidogo kuliko bomba, mimi nilitumia kipande cha mpini wa ufagio nilichopunguza kwa msasa, uisukumie nacho ngozi ndani ya kipande cha bomba la maji linalolingana na lile la pampu. Iache ikauke humo siku mbili, kivulini. Ikitoka itakuwa imeshika umbo la kikombe. Punguza kingo kwa wembe ziwe sawa, iloweke kwenye mafuta ya nyonyo, ifunge. Ukiingiza mtaimbo na ukakuta unakwenda kwa upinzani laini, na ukiziba tundu la upande wa pili unakurudisha, umefaulu.

Chini kabisa ya bomba la pampu kuna vali ndogo inayoruhusu hewa kuingia tangini na kuizuia isirudi. Ndani yake mna springi na kipande kidogo cha mpira au kizibo. Dalili ya vali mbovu haifichiki: umemaliza kupampu, umeachia, na mtaimbo unapanda wenyewe taratibu kama unaosukumwa na jini. Au unafungua pampu unakuta bomba limejaa mafuta. Vali hii hufunguliwa kwa ufunguo wake mrefu. Ukiukosa, chukua bomba la chuma linaloingia, ulichonge mdomo kwa tupa mpaka uache meno mawili yanayokaa kwenye mapengo ya vali. Usiingize koleo refu ukatumaini. Litakwangua kuta za bomba, na ngozi yako mpya itakatwa kila unapopampu. Ukishaitoa, ng'oa kile kipande kilichochoka, kata kingine cha ukubwa uleule, rudisha springi bila kuivuta.

Hapa niseme jambo kuhusu mpira, maana ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Mkono utakwenda kwenye tyubu ya baiskeli au kandambili, vitu vilivyotutengenezea nusu ya vyombo vya nyumbani. Kwenye mafuta ya taa havifai. Vinanyonya mafuta, vinavimba na kulainika kama ubwabwa, na wosha iliyobana jana leo inavuja pale hasa moto ulipo. Tafuta mpira wa kuhimili mafuta, ule mweusi mgumu kidogo wa oringi za mfumo wa mafuta ya gari. Kwenye duka la vipuri mwambie muuzaji ni ya upande wa mafuta, si ya maji. Wosha ya mfuniko na ile ya skrubu ya hewa, ile ya kuachia pumzi, zote zitoke huko.

Ungio la kichwa na shingo ni habari nyingine. Pale joto ni kali mno kwa mpira, kwa hiyo wosha yake ni ya risasi. Ukiwa pwani huna shida: nenda kwa wavuvi uombe chubwi moja ya mshipi. Igonge juu ya chuma bapa mpaka iwe nyembamba kama milimita moja na nusu, kata pete, ipachike, kisha kaza kichwa kwa spana zako mbili. Risasi ni laini, itajifinyanga kujaza kila mkwaruzo. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na mabaki usiwaachie watoto.

Kichwa sasa. Ukoko wa masizi ndani ya vijibomba ndio unaofanya stovu iwake kwa kukohoa. Fungua nozo, weka kichwa kitupu juu ya moto wa gesi mpaka kiwe na wekundu hafifu unaoonekana gizani tu, kisha kitumbukize kwenye ndoo ya maji. Simama mbali, kitalia. Shaba na masizi havinywei kwa kipimo kimoja, ukoko unapasuka na kuachia. Rudia mara mbili tatu, ukikigonga taratibu juu ya ubao baada ya kila mara. Kitatapika vumbi jeusi. Usikifikishe kwenye wekundu wa makaa, maungio yake yataachia. Wapo wasioipenda njia hii, wakisema shaba kuukuu haistahili kushtuliwa hivyo. Kwa kichwa chenye ufa ningewasikiliza; kwa kizima, sijaona kinachosafisha zaidi.

Nozo husafishwa kwa sindano yake maalumu, uzi wa chuma mwembamba kuliko unavyodhani. Mama zetu walikuwa nayo imechomekwa ukutani karibu na jiko. Ikipotea, mtu huchukua sindano ya kushonea, na hapo ndipo msiba unapoanza: sindano ya kushonea ni nene karibu mara mbili ya tundu. Inapita, lakini inapita kwa kulipanua, na tundu lililopanuka halirudi. Mvuke unatoka mwingi kuliko hewa inayochotwa, moto unakuwa wa njano na sufuria linakuwa jeusi. Dawa ni nozo mpya tu. Badala ya sindano ya kushonea, nenda kwa mpiga gitaa umwombe kipande cha uzi wake mwembamba kabisa uliokatika. Ule wa namba 9 una milimita 0.23, unapita bila kugusa kingo.

Ndani ya tangi mna utando wa mafuta yaliyoganda. Tia maji ya moto yenye sabuni, na kokoto ndogo safi ishirini zinazopita mdomoni, utikise. Zihesabu zikiingia, zihesabu zikitoka. Mimi niliwahi kuwa na kumi na tisa, na ile ya ishirini ilinichukua mchana mzima. Suuza, kausha juani. Ukifika hapa, ndiyo sasa unaruhusiwa kuisugua nje. Pwani tunajua kusafisha shaba: ukwaju, au ndimu na chumvi, kwa kitambaa laini. Isikae na ndimu muda mrefu, asidi inachomoa zinki na kuiacha shaba na madoa ya waridi. Nami nakushauri usiimalize. Maandishi ya kiwanda yaliyochorwa tangini ni membamba, kila unapoyang'arisha unayafuta.

Kabla ya mafuta, jaribio la maji. Ziba shingo kwa kofia yake, kaza mfuniko na skrubu ya hewa, pampu mara kumi na tano, zamisha tangi ndani ya beseni. Tulia dakika mbili ukiangalia. Povu moja moja kutoka kwenye mfuniko ni wosha. Povu kutoka kwenye pampu ni vali. Povu kutoka kwenye shaba yenyewe ni kitundu, na hiki mpelekee fundi wa kulehemu, lakini mwambie kwa sauti kwamba hilo ni tangi la mafuta. Lioshwe tena, lijazwe maji mpaka karibu na kitundu, mfuniko ukiwa wazi. Tangi tupu lenye harufu ya mafuta likiguswa na moto hulipuka.

Likitulia, weka mafuta ya taa robo tatu ya tangi, usizidishe; hewa inahitaji chumba. Nunua kituo cha mafuta, kwa chombo chako. Mara moja nilinunua ya kupimiwa kutoka kwenye dumu ambalo, nilikuja kujua baadaye, lilikuwa na masalio ya petroli. Stovu iliwaka ikipaa na kushuka, ikipaa na kushuka, kama mtu anayehema baada ya mbio. Nilifungua skrubu ya hewa kwa kidole kinachotetemeka.

Iwashe nje, mahali tambarare, kando pawe na ndoo ya mchanga. Skrubu ya hewa iwe wazi. Jaza spiriti kile kikombe kidogo kinachozunguka shingo, washa, usiharakishe. Wengi hufunga mapema kwa sababu moto wa spiriti mchana hauonekani na wanadhani umekwisha. Subiri mpaka spiriti iwe inamalizikia, funga skrubu, pampu mara tatu nne. Utasikia mfoko, kisha moto wa buluu utashika kwenye kisahani. Ukiona njano inayoruka juu, fungua skrubu pumzi itoke, izime, rudia kupasha. Ikishavuma vizuri dakika moja, ongeza pampu mara kumi. Stovu hii haina kitasa cha kupunguza moto: ukitaka mkali unapampu, ukitaka mdogo unaachia pumzi kidogo, ukitaka izime unaiachia yote.

Moto wa upande mmoja ni kisahani kilichokaa vibaya. Moto unaoruka mbali na kichwa na kuzimika ni upepo, au pumzi nyingi kuliko joto. Moto wa njano kichwa kikiwa kimeshapata joto ni tundu lililopanuka, na nimeshakuambia dawa yake. Usiipikie ndani ya hema lililofungwa wala chumba kisicho na dirisha. Hewa yake inaua bila kunuka. Kwenye baridi ya juu, ambako butani ya mitungi midogo huacha kuvukiza joto likikaribia nyuzi 0, hii haijali, na ndicho kilichoipeleka milimani tangu mwanzo.

Ukimaliza safari, mwaga mafuta yote, mfuniko uache umelegea ili wosha zisibanwe bure, tone la mafuta ya nyonyo kwenye ngozi. Kiberiti kitupu kinakaa ndani ya kopo pamoja na stovu. Changu kina wosha mbili, pete ya chubwi, kipande cha uzi wa gitaa, na kokoto moja.